Bastola za Solda Zimefungiwa Kabatini

Jumatano

Na bado nasema yangu ina moto kuliko ya Guyo.

Tulizishindanisha kwake Kiwanjani, hizi bastola zetu za kuchomelea solda. Kwangu tokeni za stima zimebaki kidogo, ndiyo maana nilisisitiza twende kwake. Jioni nzima tulibishana ya nani ina nguvu, mpaka stima ikapotea, dada yangu, mke wake, akiwa anapiga pasi sare za watoto.

"Ni bastola gani imemaliza tokeni?" dada akauliza.

Guyo akaapa yake ni dhaifu. Mimi nikaapa yangu haiyeyushi hata siagi.

"Basi kama zote ni bure, leteni!" Akazifungia kabatini.

Ngamia wangu wa waya, niliyekuwa namuunga kwa solda, amebaki na miguu mitatu. Na mimi na Guyo tunajua vizuri kwamba iliyokula stima ni pasi. Lakini nani atamwambia?