Dada wa Duki Aliyekataa Taji

Mgodini, Mpanda
12 Agosti 1956

Kwa dada yangu Kasilda,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na shemeji Venansi. Je, kifua chake kimepata nafuu? Na mizinga ya nyuki ya huko Ugalla imejibu mwaka huu? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila vidole vyote ni vyeusi kwa wino, na sababu yake ndiyo ninayotaka kukusimulia.

Bwana Lassen, Mdenishi anayepima miamba hapa mgodini, ana karatasi ndefu kama mkeka wa kulalia watu wawili. Ni ukoo wa wafalme wa kwao. Mchwa walianza kuila, hata ufalme hawakuujali, basi akaniomba mimi, mchora ramani wake, niinakili upya. Dada, nimechora mito na milima, lakini sijapata kuchora kitu kama kile. Watu wa mji mdogo uitwao Oldenburg, katika miaka mia tano, wamezaa wafalme wa Denmark, wa Norway, wa Ugiriki, hata wa Urusi! Mstari mmoja niliufuata kwa kidole mpaka nikamkuta mume wa Malkia wa Uingereza, malkia huyu ambaye picha yake iko bomani. Nilikaa chini.

Cha ajabu zaidi ni mwanzo wake, alivyonisimulia Bwana Lassen. Mfalme wa Denmark alikufa bila mtoto, wazee wakamwendea duki mmoja, yaani mtawala wa jimbo, jina lake Adolfu, wakampa taji. Akakataa. Akawaambia wamchukue mtoto wa dada yake aliyeolewa Oldenburg. Mtoto wa dada, Kasilda! Nilimweleza Bwana Lassen kwamba hata kwetu kiti hupita hivyo, kwa sababu tumbo la dada halina shaka. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniomba nimweleze tena polepole.

Sasa linalonilemea. Wiki mbili zilizopita mzee Thadei na wenzake walinifuata nyumbani Shanwe. Tangu tumzike mjomba Kalisti kiti chake cha ujumbe, uongozi wa watu wetu, kiko wazi, na zamu ni yangu. Nami, kichwa kimejaa maduki, niliwasimulia habari za Adolfu, wakastaajabu sana. Kisha nikasema nami nakataa, wamchukue mtoto wa dada yangu. Nimemtaja Evodi wako. Najua yuko seminari. Najua ulimtoa kwa Mungu angali tumboni, na kwamba hawezi kuwa padre na jumbe kwa pamoja. Wazee walinisifu kwa unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu, dada, ulikuwa woga. Sikutaka kuzeeka nikiamua kesi za mizinga na wake za watu. Watafika kwako mwezi ukiandama.

Jana ndipo nilipofikia jina la yule dada wa duki, Helviga. Ni jina dogo, na wafalme wote wale wamepita hapo. Nilimuuliza Bwana Lassen yule mama alisema nini walipomchukua mwanawe. Akanijibu kwamba hakusema kitu, kwani alikuwa amekwisha kufa miaka kumi na miwili kabla ya siku hiyo.

Wewe u hai, dada, na sikukuuliza.

Nakuuliza sasa. Ukisema hapana, nitaacha kazi nije nikae kitini mwenyewe. Nijibu kabla wazee hawajafika.

Msalimie shemeji, na Mungu awalinde nyote.

Mdogo wako mwenye aibu,
Isidori