Meza ya Nyota Karibu na Dirisha

Likasi

Yaya Feza, dada yangu mkubwa,

Nakusalimia kwa mapendo, weye na wote wa Kalemie. Mgongo wa mama umepoa? Watoto wanalala vizuri? Huku tuko salama. Mume wangu, Papa Nyota, anaendelea na kazi ya kiwandani, na mvua imeosha vilima mpaka asubuhi vinaonekana kama moshi wa buluu.

Yaya, kulikuwa na hofu ambayo sikukwambia kwa simu. Nyota wangu, yule aliyesoma hata karatasi za kufungia sabuni, alianza kuchukia vitabu. Jioni akifungua daftari, anainama mpaka pua inakaribia kugusa ukurasa, anasugua macho, analia kichwa kinamuuma. Shuleni akawa anaruka mistari. Siku moja akaniuliza polepole, "Mama, minye nitakuwa kipofu?" Nikacheka mbele yake. Nilipofika jikoni, nikaanza kuhesabu pesa za kituo cha afya.

Nikampeleka kituo cha afya. Muuguzi wa macho akamsomesha herufi za ukutani, kubwa na ndogo, akammulika, kisha akaniangalia.

"Macho yake iko muzima, mama. Anasomeaka wapi?"

Nikamweleza kwamba umeme unakatika sana, kwa hiyo tunaweka taa ya sola juu ya kabati, nyuma ya mtoto, ituangazie wote.

"Basi anasoma ndani ya kivuli yake mwenyewe. Macho inachoka bure. Mwangaza utoke upande wa kushoto, sababu anaandika na mukono ya kuume. Lakini mwangaza usimupige mu uso. Na kila siku acheze inje."

Tuliporudi nilitembea ndani ya nyumba yangu kama mgeni, nikifuata mwanga. Chumbani ulikuwa hafifu, wa kusinzia. Uani ulikuwa mkali, karatasi ilimetameta. Saloni, pale tunapopokea wageni, nilipovuta pazia zito la dirisha linalotazama barabara, ukaingia taratibu, ukatandaa sakafuni kama kitenge kilichotoka kufuliwa. Nilisimama pale nikasahau sufuria motoni.

"Bantu ba barabara batatuona," akasema Papa Nyota.

"Bamuone mutoto anasoma."

Akacheka, akashika upande wa pili wa meza ya Nyota, tukaisogeza dirishani.

Sasa Nyota akitoka shule anacheza kwanza, halafu anakaa pale, jua likilegea juu ya bega lake la kushoto. Giza likiingia, taa inakaa upande huohuo, karibu. Kichwa hakimuumi tena.

Jumamosi nilikuwa nachambua maharagwe, nikasikia sauti inasoma, tulivu, bila kukwama, kama maji yanayopita kwenye majani. Papa Nyota alikuwa ametoka kazini, ameketi mlangoni na viatu vyake vya vumbi, macho amefumba. Mtoto akanyamaza akidhani baba amelala.

"Endelea, mwana," akamwambia. "Minye niko nasikia."

Akaendelea. Maharagwe yakabaki mikononi mwangu.

Mpe mama mkono wangu, na shemeji, mume wako. Mwambie Dieudonné, mdogo wetu wa mwisho, kwamba namkumbuka sana.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda,
Mado