Kipande cha Mwinyi

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui kama huko uliko watu bado wanaamkiana, lakini najua ungenigombeza kama ningeanza kusema bila kukuamkia. Nakuandikia nikiwa jikoni kwako, nimekaa kwenye kile kigoda chako kilicholegea mguu, mlango nimeurudishia. Ndiga za porini ziko chunguni, zimeiva. Nimeshakula nusu ya kipande kimoja, na sasa nasubiri nione kama kitanidhuru.

Naogopa, Mama. Hizi herufi za chuoni ulizokuwa ukinisifia kwa majirani leo zinakwenda upande. Ungeziona ungecheka.

Nikueleze tulivyofika hapa. Tangu tukuzike haijanyesha mvua ya maana. Vuli ilitupita, tukajipa moyo kwamba masika yatalipa, na masika nayo yakaja kulowesha vumbi yakaondoka. Muhogo wetu nguruwe wameufukua wote. Dukani hakuna unga, na nguo ndiyo usiseme, vita imemaliza kila kitu. Hata marekani ya sanda yako Baba aliipata kwa kuzunguka sana. Sasa amekwenda Gwata kwa kaka yako kuomba muhogo, kwa miguu, na hajarudi. Siku anaondoka aliniambia, "Mwajuma, wadogo zako Tatu na Sauda nakuachia wewe." Nikaitikia kama mtu mzima. Alipopinda njia nikaenda kulia nyuma ya choo.

Ungekuja leo wakati wa chakula usingeitambua Marui. Unakumbuka barazani kwetu jua likianza kushuka, kila nyumba inatoa sinia lake, wanaume wanakula pamoja na kusimangana nani mkewe ametia chumvi nyingi, na sisi uani na mkeka wetu? Baraza sasa ni ya kuku, na kuku wenyewe hawapo. Kila nyumba inakula ndani, mlango umefungwa, watu wanatafuna kimyakimya. Mtu akipita nje anakohoa kwa mbali ili asimkute mwenzake na kitu mkononi, kwa sababu mwenye nacho atalazimika kumwambia karibu, na hakuna cha kumkaribishia. Hilo linanitia woga kuliko njaa yenyewe. Nikisikia mtu anakohoa njiani naurudishia mlango, na huenda ni Mama Sefu jirani yetu tu anakwenda zake.

Kwa hiyo tumerudi kwenye ndiga, vile viazi vya porini ulivyokuwa ukituambia vinashibisha na vinaua, inategemea nani ameviloweka. Nimezichimba mwenyewe. Nimezimenya, nimezikata vipande vyembamba kama ulivyonionyesha, nikazitia kikapuni nikazipeleka kijitoni. Lakini kijito si kile unachokijua. Maji hayapiti, yamesimama kwenye vidimbwi vya kijani. Nikazirudisha nyumbani nikaziloweka mtungini, namwaga maji na kutia mengine, asubuhi na jioni, mpaka povu likapungua. Lilipungua vya kutosha? Wewe ungetia kidole, ungenusa, ungesema tayari au bado. Mimi nimetia kidole, nimenusa, nimesikia harufu ya ndiga tu.

Ng'ambo ya kijito, kwa Mzee Kondo, hawakungoja. Njaa iliwashinda wakazipika mapema. Walianza kuwashwa midomo, halafu kichwa kikawazunguka, halafu wakawa hawajijui. Yeye amepona. Mkewe na mjukuu wao tumewazika. Nilikwenda msibani, na nilichokiona ni lile sinia walilolia limeegeshwa ukutani, limeshaoshwa safi. Tangu siku hiyo nikikata ndiga nakata nikiwa nalitazama sinia lile.

Sasa nije kwa paka wako Mwinyi, maana yeye ndiye amenifikisha kwenye kigoda hiki.

Unakumbuka tulivyokuwa tukila ndiga kila mwaka wa shida. Tumekaa mkekani, tumenawa, sinia liko katikati limefunikwa kawa, na hakuna anayeruhusiwa kugusa. Wa kwanza ni Mwinyi. Ulikipaka kipande chake tui, ukakiweka kwenye kigae chake pale kizingitini mwa jiko, na sisi wote macho kwake. Alikula kwa maringo, anatafuna upande mmoja kama mtu anayetafuta kosa. Ndiyo maana ukampa jina hilo. Akishamaliza unatutegea vitendawili, kimoja baada ya kingine, mpaka anapojinyoosha na kuanza kujiramba. Hapo ndipo unapofunua kawa na kusema, "Haya, Bismillahi." Tatu akinung'unika ulimwambia, "Mwenye nyumba kwanza, mwanangu."

Na wewe ulikuwa unakawia jikoni, Mama. Tunaita, njaa inauma, unajibu kutoka ndani, "Naweni vizuri nyie, mikono haijatakata." Tulishanawa mpaka vidole vimekunjamana. Halafu unatoka polepole, unajifuta mdomo kwa upindo wa kanga, umeshika kipande cha Mwinyi. Kila mara kilikuwa kimemegwa. Sauda alikuwa akisema paka anapunjwa, nawe unamjibu, "Nimempimia tumbo lake."

Nilipokuwa mdogo niliona ni heshima ya paka. Nilipokua kidogo nikaelewa kwamba anaonja kwa niaba yetu, nikamwonea huruma. Wewe nikakuona una moyo mgumu, ingawa sikuthubutu kusema.

Leo nikafanya kama wewe. Nimekuna nusu ya nazi iliyobaki, nimekamua tui kiduchu, nimekipaka kipande kizuri, kizima, nikamwekea. Tangu ufe amekuwa akijitafutia panya na mijusi, usiku analala mkekani pale pale ulipokuwa ukikaa, na Tatu akitaka kumhamisha anamfokea. Amekuja. Amenusa. Akanitazama, akarudi nyuma, akakaa. Nikakisogeza. Akageuza uso.

Nilijiambia ameona sumu. Nikakiinua chungu nikazimwage zote nyuma ya nyumba. Kisha nikajiambia, labda anakataa kwa kuwa wewe hupo, labda hataki mkono wangu, ana kiburi chake siku zote. Nikakiteremsha chungu. Paka amesema hapana, lakini hapana ya nini? Na Sauda tangu jana hasimami vizuri, nikimwinua ni mwepesi kama ungo. Jana wamelala na maji ya chumvi, juzi majani matupu. Nikimwaga ndiga hizi sijui ataamka na nini. Nikiwapa, huenda nikawaleta uliko. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Ningemwita Mama Sefu, lakini ningemweka katika hatari ileile, na watoto wake pia.

Nikakiokota kile kipande kigaeni. Nikasema Bismillahi, nikakimega nusu kwa meno, nikatafuna, nikameza haraka kabla akili haijarudi. Nusu iliyobaki nikaiweka pale pale, sijui kwa nini, labda kwa adabu tu. Nikachukua karatasi hii niwe na wewe wakati nasubiri. Ulimi sijui unawasha kwa ndiga au kwa hofu. Kila nikimeza mate najisikiliza. Kichwa naona kama chepesi, lakini nacho hakijala tangu jana.

Ngoja kidogo. Mwinyi amenyanyuka.

Amekirudia kigae. Amekinusa kile nilichokimega. Mama, anakula. Anatafuna upande mmoja, na maringo yake yote, kipande kilekile alichokikataa kikiwa kizima.

Nimejikuta najifuta mdomo kwa upindo wa kanga yako, hii niliyojifunga, na hapo ndipo nikajiona. Mlango umerudishwa. Watoto nje wananawa. Kipande kimemegwa. Paka huyu hajawahi kula ndiga ambayo hukuimega wewe kwanza, ndiyo maana ile nzima hakuijua kuwa ni chakula. Ulikuwa unakula wewe, humu ndani, peke yako. Unasubiri kwenye kigoda hiki, halafu unatutolea paka na vitendawili ili tusiogope.

Sikujua. Nilikuwa nikipiga kelele kuliko wote kwamba unachelewesha chakula. Sasa naogopa kwa ajili yako pia, kwa siku zile zote, na hakuna ninachoweza kukufanyia maana zimepita na wewe umepita. Nalia na sitaki wasikie. Ulikuwa unawaza nini hapa, Mama? Ulikuwa unamwaza nani wa kutulea? Ulikuwa ukihesabu pumzi kama mimi sasa?

Jua limevuka utosi na kivuli cha mlango kimeanza kurefuka. Mdomo hauwashi. Nimeugusa, nimeuuma, ni mdomo wangu wa kawaida. Nimesimama nimezunguka mafiga, sikuyumba. Mwinyi amejinyoosha, sasa anajiramba kidole kimoja kimoja. Tumbo langu linanguruma, linataka zaidi. Sijaacha kuogopa, nisikudanganye. Nadhani wewe pia hukuwahi kuacha.

Tatu ameita hivi sasa, "Dada, bado? Sauda analia." Kabla sijafikiri nimesikia sauti yangu ikimjibu, "Naweni vizuri, mikono haijatakata." Nasikia anamnawisha Sauda tena. Nadhani amekusikia wewe.

Barua hii nitaisokomeza kwenye makuti juu ya mafiga, pale ulipokuwa ukitundika mbegu, moshi uisome. Baba akirudi nitamwambia tulikula vizuri. Haya mengine yabaki kwetu wawili na huyu mwenye nyumba.

Na ahadi yangu ni hii. Maadamu nina pumzi, Tatu na Sauda hawatatia mdomoni kitu cha mwitu ambacho mimi sijakitia kwanza, na hawatajua. Watamtazama Mwinyi, watalalamika kwamba anadekezwa. Nitawatengea mkeka uani, si ndani, na mlango wa mbele nitauacha wazi. Anayekohoa njiani akitaka kukaribia, akaribie. Ndiga zitatosha kidogo, na nimeshazionja.

Mungu akupe nafasi pana, Mama, na usingizi usiokatizwa na kelele zetu. Nimekata kipande kingine cha Mwinyi, nimekimega. Najifuta mdomo, natoka.

Mwanao,
Mwajuma