Rais Hakuuliza Kama Anaruhusiwa

Washington, Jumatatu

Kaka yangu Clayton,

Nakusalimu, ingawa ulinikatia simu. Wewe na wifi Darlene hamjambo? Mgongo wako unaendeleaje na baridi hii, na ndama wa mwaka huu wamezaliwa salama? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haina amani, na sitakuficha: nakuandikia kwa hasira. Lakini tafadhali usome mpaka mwisho, kwa kuwa habari iliyonifanya nishike kalamu iko huko chini, na siwezi kuitaja kabla sijakueleza yaliyotangulia.

Uliniona kwenye televisheni nikitoka Wizara ya Sheria, mtangazaji akiniita msaliti, ukamwamini yeye. Sasa nisikilize na mimi.

Wafanyakazi wa reli walipogoma, Rais aliliomba Bunge ruhusa ya kutumia wanajeshi kuwarudisha kazini kwa nguvu. Bunge likakataa. Wiki iliyofuata akatangaza hali ya hatari, akasema sasa hahitaji ruhusa ya mtu. Ikabaki sisi mawakili wa serikali tuandike kwamba sheria iko upande wake.

Akaja bwana mmoja wa Ikulu, Bryce Tolland, ambaye hata koti hakuvua. Mkuu wetu, Bi Imogen Lathrop, mama aliyewatumikia marais wa vyama vyote viwili, alimweleza taratibu kwamba jambo ambalo Bunge limemnyima Rais, Rais hawezi kujipa mwenyewe. Tolland alimtazama kama mtu anayesubiri mvua ipite.

“Mama, Rais hakuuliza kama anaruhusiwa,” akasema. “Ameuliza mtamaliza kuandika saa ngapi.”

Kabla ya chakula cha mchana Bi Imogen alikuwa ameshafukuzwa kazi. Nilimsaidia kubeba chungu cha ua lake mpaka kwenye gari. Nilidhani atamlaani Tolland, kumbe alitulaani sisi sote. Alisema kila rais anaikuta nyumba ya madaraka imeongezwa chumba na aliyemtangulia, na hajatokea hata mmoja wa kukibomoa; na kwamba kila anapojenga mtu wa chama chetu, huwa tunampigia makofi. Wewe mwenyewe, kaka, ulikuwa ukiyasema hayo hayo rais alipokuwa si wako.

Kiti chake nikapewa mimi. Nilikwenda kwanza kumwona Seneta Delbert Hume, yule uliyemlisha nyama ya ng'ombe wako na kumfanyia kampeni wilaya nzima. Alifunga mlango, akapunguza sauti, akaniambia kwamba Rais anaikanyaga Katiba mchana kweupe. Nikamwomba akayaseme hayo ndani ya Seneti, mbele ya wenzake.

“Binti yangu,” akanijibu, “Mei nina uchaguzi.”

Jioni ile ile alikuwa kwenye televisheni akimsifu Rais kwa ujasiri. Watu wa namna hiyo ndio waliowekwa wamzuie. Wala hawakunyang'anywa madaraka yao, kaka. Waliyavua wenyewe kama koti siku ya joto, wakamvika yeye.

Kesho yake nilikataa kutia saini, nikatoka. Mwingine akaandika walichokitaka, na wanajeshi wakaingia kwenye yadi za reli, wakawakamata waliokataa kurudi kazini na kuwafungia kambini.

Nilipokupigia simu uliniambia ng'ombe wako wanakonda zizini kwa kukosa treni, na kwamba afadhali mtu mmoja anayeamua kuliko mia tano wanaopiga domo. Nikakuuliza, huyo mmoja akikosea, utamshtaki kwa nani? Ukasema waliokamatwa ni wavivu tu, wakae humo mpaka washike adabu. Ukakata simu kabla sijajibu. Jibu langu ni hili.

Russell yumo humo.

Mwanao hakwenda Denver kufanya kazi ya ujenzi kama alivyokuambia. Ni dereva wa treni na mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Alikuficha kwa sababu anayajua vizuri maneno yako juu ya chama hicho. Amri ilipotoka alikataa kupanda kwenye kichwa cha treni huku askari mwenye bunduki amesimama nyuma yake. Wakamchukua. Mkewe Corinne ndiye aliyenipigia, analia hata sikumwelewa mara ya kwanza. Hajapelekwa kwa hakimu, hajasomewa shtaka, na hakuna anayejua atatoka lini, maana amri inasema atakaa mpaka Rais atakapoona inafaa.

Jana niliruhusiwa kumwona kama wakili wake, katika kambi ya jeshi. Amekonda, na mkono wake wa kushoto umefungwa bendeji. Sikuambiwa aliumiaje, na yeye alikataa kunieleza. Kitu kimoja tu alinisihi.

“Shangazi, usimwambie baba. Atasema nimestahili.”

Nilimwahidi, na leo nimeivunja ahadi hiyo. Alhamisi nitasimama mahakamani kumtetea yeye na wenzake, na sikutaka jina la mwanao ulisikie kwa yule yule mtangazaji. Kama tutashinda sijui. Na tukishinda pia sijui kama wataachiwa, kwa maana Tolland ameshasema redioni kwamba Rais “atautazama” uamuzi wa mahakama.

Kambi inaruhusu wazazi kuingia Jumamosi asubuhi. Kutoka kwako ni mwendo wa saa mbili kwa gari, na barabara nimeambiwa haina theluji.

Nawatakia afya njema nyote hapo nyumbani, na Mungu awalindie mifugo. Msalimie sana wifi Darlene. Kama huna nguvu ya kumweleza, mpe barua hii aisome mwenyewe. Yeye najua atakwenda.

Dada yako,
Renata