Ukurasa Nilioruka

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba ule mgongo umepunguza ukorofi. Sisi hatujambo, baba anakula vizuri na kulalamika vizuri.

Karakana yetu ya ushonaji imepata kazi ya bendera mia mbili za shule. Tangu vitambaa viingie, hatuna amani. Mkataji wetu wa vitambaa, aliyewahi kuwa askari, alisema nchi ni mama, na anayeapia nchi nyingine amemkana mamake. Mama wa vifungo, yule anayevishona, akamwuliza kwa upole kama mkewe alipoolewa alimkana mamake. Mkataji akajibu kwamba mkewe hakuapa kumpigania mkwe. Mama wa vifungo akasema, basi hujamwuliza vizuri. Tulicheka, hata mkataji. Kisha mkataji akauliza nani kati yetu ana ndugu aliyeapia nchi nyingine. Nikainamia cherehani, nikaendelea kushona.

Kaka, kuna jingine nililolinyamazia. Unajua anayemsomea baba barua zako ni mimi, kwa kuwa macho yake hayaoni tena maandishi. Mwaka jana ulipoandika kwamba umeapa uraia wa huko, ukurasa ule niliuruka. Jumapili iliyopita niliutoa nikamsomea neno kwa neno. Baba, aliyepiga tarumbeta ya jeshi miaka ishirini na mbili, aliiacha chai yake mpaka ikapoa. Nikadhani nimemvunja moyo. Kumbe alikuwa akiwaza. Akaniuliza, "Walimtaka aikane nchi hii?" Nikasema hukuandika. Akasema nikuulize, maana watu wanahukumu kiapo wasichokisikia. Anataka maneno yenyewe, yote.

Kesho yake nilimwambia mkataji kwamba ndugu huyo ninaye. Aliweka mkasi chini, akauliza unafanya kazi gani. Nikasema unauguza wazee. Akasema, "Na wazee wa kwetu anawauguza nani?" Sikumwona mbaya. Swali lake nalo nakutumia.

Langu ni dogo: ulipokuwa ukiapa, mkono bado juu, ulimfikiria nani?

Shangazi anakusalimu, na karakana nzima pia, mkataji akiwamo. Baba anakusalimu sana na anasubiri jibu. Ila amesema barua hiyo atasomewa na mwalimu jirani yetu, si mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba