Zuhura Ana Pembe

Jumatatu, 24 Ramadhani

Ukurasa wa matukio ya wiki umekwenda kwa msanifu saa tisa. Mashindano ya kuhifadhi Kurani, mkutano wa wapangaji, bonanza limeahirishwa hadi baada ya mfungo. Halafu makumbusho ya ndege na anga, pale Posta inapokaribia kuwa Upanga, ambayo siku hizi inakula robo ya ukurasa peke yake. Ijumaa asubuhi, watoto kutengeneza tiara. Jumamosi mchana, kukalia kiti cha rubani katika ile ndege kuukuu iliyo uwanjani. Jumamosi hiyo hiyo, mara baada ya magharibi: Jioni na Sayari ya Zuhura. Baada ya Idi, roketi za maji, kisha rubani mstaafu atazungumza.

Mwandaaji wa yote haya ni Bhavna. Binti wa Upanga, kasomea fizikia, anaongea haraka kuliko dalali wa mnada wa samaki Feri. Kawaida hutuma ujumbe. Leo kaja mwenyewe. Nikajua ana shida.

Shida ni hii. Mkurugenzi wake kamwambia Jumamosi ndiyo ya mwisho kumvumilia. Watu wasipokuja, au wakija na vurugu, programu zote za jioni zinafutwa na ukumbi unakodishwa kwa maharusi. Yeye kaajiriwa kwa programu za jioni. Zikifutwa, naye kafutwa.

"Viti vimeshaulizwa bei, Da Mwana. Vile vya dhahabu, vya bibi na bwana harusi."

Nikamwuliza kwa nini kachagua Jumamosi. Anataka anga jeusi lisilo na mwezi. Nikamwambia hiyo ni jioni ya mwezi ishirini na tisa, mji mzima utakuwa unautafuta mwezi huo huo anaoukimbia. Kacheka. Kalenda ya nyota haijui sikukuu, kasema.

Mimi sikucheka. Joto. Mvua inatishia tangu juzi na hainyeshi.

Jumanne, 25 Ramadhani

Msanifu kaondoa neno "Sayari" ili kichwa kikae mstari mmoja. Gazeti limetoka na "Jioni na Zuhura".

Simu tangu saa mbili asubuhi. Kiingilio bei gani? Anaimba na bendi au anawekewa muziki? Mmoja kauliza kama ni yule Zuhura wa Ilala aliyeachika mwaka jana, maana ana salamu zake. Mama mmoja wa Magomeni hakuuliza kitu. Kafoka tu. Taarabu ndani ya Ramadhani, tena kumi la mwisho, hamna haya? Kakata simu kabla sijajibu.

Wenzangu wanacheka. Mhariri kanitaka nimtafutie viti vya mbele.

Bhavna kapiga mchana. Mkurugenzi naye kapigiwa, na watu wakubwa kuliko mama wa Magomeni. "Mmenigeuza promota," kasema. Sauti ilikuwa kavu. Nimeandika masahihisho mwenyewe, nimeyasoma kwa sauti, nimesimama nyuma ya msanifu mpaka kayaweka. Kanuna. Anune.

Jumatano, 26 Ramadhani

Masahihisho yametoka kama nilivyoyaandika: "Zuhura si msanii. Ni sayari. Itatazamwa kwa darubini Jumamosi, mara baada ya magharibi."

Kila neno ni sahihi. Matokeo yake mabaya kuliko ya jana.

Nimeyakuta Kariakoo saa kumi, nilipokwenda kununua tende. Mtaa wa Aggrey haupitiki, watu wanatembea ubavu ubavu. Shomari, mdogo wangu, anauza magauni ya watoto pale. Yametundikwa mpaka juu ya mlango, yenye malinda, yenye maua, yenye mikoba midogo inayofanana nayo. Kaniona kwa mbali akaanza kabla ya salamu.

"Dada, nakuomba. Mfungo huu uwe wa thelathini. Mwambie huyo Mhindi wako asiuchokoze mwezi."

Nikamwambia ana jina, anaitwa Bhavna. Na hatafuti mwezi.

"Darubini. Magharibi. Mwezi ishirini na tisa. Anatafuta nini, embe?"

Wateja wakacheka. Fundi wa mlango wa pili, ambaye kanzu zake hazijatiwa vifungo, kaniambia bila kuinua macho kwenye cherehani kwamba naye anaomba thelathini, na kama darubini ina msaada wowote basi ifunikwe. Muuza kofia anataka kinyume: kofia zimekwisha, uandame hata leo. Hakuna aliyeniuliza kuhusu sayari.

Ninamwelewa Shomari. Siku moja ya mwisho ndiyo inayobeba mwezi wake mzima. Asubuhi ya Idi gauni la Idi ni kitambaa tu.

Nimerudi Posta kwa miguu. Sikuweza kukaa.

Alhamisi, 27 Ramadhani

Mkurugenzi anataka kufuta. Bhavna kamjibu gazeti limeshatangaza mara mbili, ukifuta watasema kuna jambo linafichwa. Mara mbili ni kweli. Mkurugenzi kampa ruhusa kwa sharti moja: neno "mwezi" lisitoke kwenye viwanja vya makumbusho.

Nimefuturu kwa tende mbili na maji, nimesimama na Bhavna palepale darubini itakapowekwa, kando ya bawa la ile ndege kuukuu. Nilitaka kuona kwa macho yangu kinachoonekana na kisichoonekana. Magharibi ni ukuta wa maghorofa ya Kariakoo. Mwezi mwandamo, ukiwepo, utakuwa chini kabisa, nyuma ya zege. Kutoka hapa hauonekani, kwa darubini wala bila darubini. Hilo nimelithibitisha.

Zuhura iko juu ya ghorofa refu kuliko yote. Nukta nyeupe, kali, haipepesi.

Bhavna kanisogeza kwenye darubini. Nimetazama.

Hilali. Nyembamba, pembe mbili kali, nyeupe. Nilijua ninatazama nini, nimeliandika jina lake mara mbili wiki hii, na bado moyo uliruka. Nimetoa jicho: nukta. Nimerudisha: hilali.

Kanieleza. Jua linaiangaza upande mmoja, sisi tunaona ukingo tu, kama mwezi. Ndiyo maana kachagua wiki hii. Ni nadra kuwa nyembamba hivi na bado iko juu.

Nikamwuliza nani mwingine kaona. Hakuna. Nikamwambia awaeleze watu kabla hawajaweka jicho, si baada. Kasema atawaeleza. Kasema kama mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya kundi la watu wenye njaa.

Ijumaa, 28 Ramadhani

Kurasa za mbele mbili ziko tayari. Moja inasema Idi leo, nyingine Idi kesho. Picha ileile, watoto walewale. Mhariri atasubiri tangazo la viongozi wa dini kesho usiku, apeleke mojawapo kiwandani. Kanipangia mimi kulisubiri tangazo hilo chumba cha habari. Nimemwambia nitalisubiria makumbusho.

"Kumbe kweli unakwenda kwenye taarabu."

Watoto wa tiara walikuja wachache. Tiara moja imenasa kwenye mkia wa ndege na ipo mpaka sasa. Bhavna kaihesabu kama mafanikio.

Mchana nimeandika aya moja ya habari na kuifuta. Nimetoka, nimerudi, nimetoka. Mawingu upande wa bahari. Meseji zinazunguka kwamba makumbusho yamealika mashekhe. Hayajaalika mtu. Nimepiga simu kwa watatu waliosambaza, wote wamesema wameipata kwa mwingine.

Sipendi habari ninayojua itatokea.

Jumamosi, 29 Ramadhani

Niandike kwa mpangilio.

Saa kumi na moja uwanja ulikuwa na watu. Saa kumi na mbili ulijaa. Familia zimekaa kwenye nyasi chini ya mabawa, chupa za uji, mabakuli ya tambi, kanga zimetandikwa. Kina mama wa Upanga waliovaa sari wamekuja na viti vyao vya plastiki. Nani kaja kwa ajili ya Zuhura na nani kwa ajili ya mwezi, sikuweza kujua, na niliwauliza wengi. Vijana wawili walikuwa bado wanasubiri msanii.

Adhana. Watu wakafuturu. Wakasali safu mbili nyuma ya mkia wa ndege. Mawingu yakafunguka juu ya ghorofa, na ile nukta ikatokea.

Bhavna kaanza kueleza. Hakuna aliyesikia. Mashine ya sauti ilikuwa ya ukumbini na waya haukufika. Foleni ikajipanga yenyewe. Wa kwanza walikuwa wazee wawili wa kiume, wakatazama, wakaondoka polepole. Nikashusha pumzi. Wa tatu alikuwa Shomari. Sikujua kaja. Kafunga duka jioni ya mwezi ishirini na tisa ili aje kujua mwenyewe.

Kaweka jicho. Kakaa muda mrefu. Kaliondoa, uso umemshuka.

"Da Mwana. Umeandama."

Kwa sauti ya chini, kwangu tu. Kariakoo nzima hakuna mtu aliyekuwa na sababu kubwa ya kunyamaza kama yeye. Hakunyamaza. Hilo nitalikumbuka, ingawa alikuwa amekosea.

"Hiyo ni Zuhura," nikamwambia.

"Zuhura ana pembe?"

Mwanamke wa nyuma yake, mwenye chupa ya uji, alisikia neno moja tu. Akalirudisha kwa sauti yake yote. Umeandama! Takbira ikapanda kutoka upande wa mkia. Watoto wakaanza kukimbia. Simu juu, mamia ya taa, wote wanaongea kwa wakati mmoja. Mkurugenzi alikuwa mlangoni, nilimwona akigeuka na kuingia ndani.

Simu yangu. Mhariri.

"Umeandama hapo Posta?"

"Haujaandama. Ni Zuhura."

"Zuhura gani tena, Mwanaidi? Nina ukurasa wa Idi leo mkononi."

"Uweke chini. Subiri tangazo. Usimsikilize mtu mwingine yeyote, hata akiwa hapa."

Akauweka chini. Ni mhariri mzuri anapoogopa.

Nilipoinua macho Bhavna alikuwa amepanda ngazi ya ile ndege kuukuu. Kasimama kwenye mlango wa abiria, hana kipaza sauti, anapiga kelele kwa sauti ya Feri.

"Wazazi wangu! Ndugu zangu! Acheni darubini! Tazameni kwa macho yenu, juu ya ghorofa lile! Mnaona nini?"

"Nyota!" Watoto walijibu kwanza.

"Ina pembe?"

"Haina!"

"Mwezi mwandamo nao ni nukta?"

Mtu akasema hapana. Mwingine, kijana wa jezi ya mpira, akapaza sauti: tangu lini dada wa Upanga akatufundisha mwezi?

"Nimezaliwa Upanga, kaka, na mwezi unapita juu ya paa letu pia. Ila sikuwaita kwa mwezi. Mwezi watautangaza wenyewe wanaohusika. Kutoka hapa hauonekani, maghorofa yenu ya Kariakoo yameuziba!"

Kicheko. Cha kwanza jioni hii.

Mmoja wa wale wazee wawili akauliza, taratibu, na watu wakamnyamazia. Inakuwaje basi huku ni nyota na kule ni hilali?

"Ndiyo maana niliwaita," kasema Bhavna.

Foleni ikaanza upya. Ndefu kuliko ya kwanza, mpaka nje ya geti. Kila mtu anatazama kwa jicho, kisha kwa darubini, kisha kwa jicho tena. Yule mwanamke wa uji karudi mara mbili, mara ya pili kamleta jirani na kumweleza yeye, kwa ufasaha, kana kwamba kaisomea. Zuhura ikazama nyuma ya zege kabla foleni haijaisha. Walionyimwa walilalamika kama watu wa banda la mpira umeme ukikatika.

Ila neno lilikuwa limeshatoka. Kariakoo, naambiwa, kulikuwa na nusu saa ya watu kukumbatiana na wengine kupunguza bei.

Tangazo la viongozi limetoka usiku. Mwezi umeonekana, mikoa mingine, kwa macho. Kesho Idi. Mhariri kapeleka ukurasa uleule aliokuwa ameushika mwanzo. Hatutalizungumza.

Mkurugenzi kamtumia Bhavna ujumbe wa maneno manne: "Tuonane baada ya sikukuu." Kaniletea niusome. Nimemwambia sijui maana yake. Ni kweli sijui. Shomari hapokei simu.

Jumapili, 1 Shawwal

Swala, pilau, ndugu. Mchana nimelala.

Jioni mlinzi wa makumbusho kampigia Bhavna: kuna watu getini. Makumbusho yamefungwa leo. Kampigia yeye, naye kanipigia mimi. Nimekwenda kwa miguu.

Watoto wa Idi, mikono ina hina, viatu vinawabana. Wazazi wao nyuma. Mlinzi kawaambia pamefungwa, wamemjibu hawataki kuingia, wanataka Zuhura, na Zuhura iko nje. Bhavna katoa darubini na kuiweka kando ya barabara, chini ya ukuta.

Shomari kaja na binti zake wawili. Wamevaa magauni yenye mikoba inayofanana. Nayatambua, yalikuwa juu ya mlango. "Yamebaki mengi?" nimemwuliza. "Usiniulize leo," kasema, akambeba mdogo ili afikie.

Leo mwezi umepanda juu ya ghorofa. Mwembamba, wa wazi, hauhitaji mtu wa kuutangaza. Na juu yake ile nukta. Watoto walitazama hilali moja kwa macho, nyingine kwa darubini.

Mkurugenzi alipita, kanzu nyeupe, anatoka kuwapa watu mkono wa Idi. Kashusha kioo cha gari, kaitazama foleni. Akashuka. Akapanga mstari kama wengine, na zamu yake ilipofika akatazama kwa muda. Kisha akamgeukia Bhavna.

"Jumamosi ijayo usiweke magharibi. Weka baada ya Isha."

"Baada ya Isha Zuhura itakuwa imezama."

"Basi weka nyingine. Ziko nyingi."

Akaingia garini. Bhavna aliendelea kuwashikia watoto mabega ili wasiitikise darubini.

Nimefika nyumbani, nimeandika tangazo la wiki. Sayari ya Mshtarii, Jumamosi, baada ya Isha. Neno "sayari" nimeliweka mara tatu, sehemu tatu tofauti. Msanifu akikata moja, zitabaki mbili.

Mvua imeanza, kidogo.