Yule Binti Aliyeweza

Dada yangu mpendwa,

Kabla hata ya salamu, vaa zile spika za masikioni, mama asije akasikia. Yule binti asiyeona aliyetangazwa redioni, aliyeitumia tovuti ya halmashauri mbele ya wageni mpaka wakasimama kumpigia makofi, ni mimi. Sijamwambia mtu mwingine yeyote.

Sasa nikusalimu. Shikamoo dada. U hali gani? Magoti ya mama yanaendeleaje? Mimi sijambo, na shangazi hajambo, ila bado anakoroma na kukataa kwamba anakoroma. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu yule Bi Mkavu wa kwenye simu yako, anayekusomea kila kitu kwa sauti ileile, hajui kulia wala kutetemeka. Mimi ningekwama kwenye neno la kwanza. Hukuniita Kimya bure.

Nilipokuambia nimepata kibarua halmashauri baada ya kumaliza shule, sikukueleza kazi yenyewe. Tunakaa chumba cha nyuma, karibu na stoo ya viti vibovu: mkuu wa kitengo, fundi wa kompyuta na mimi. Kazi yangu ilikuwa kuandika maneno nyuma ya kila picha na kila kitufe cha tovuti, ili simu kama yako iweze kumwambia asiyeona kwamba hapa pana kitu gani. Niliipenda sana. Kila nilipomaliza ukurasa nilifumba macho nikausikiliza, nikikufikiria wewe. Nilikuwa nimemaliza ukurasa wa maji tu mkuu aliposema kwamba wafadhili wanakuja Ijumaa kukagua.

Ukurasa wa kuomba vibanda vya soko jipya, huo unaoutaka wewe ili upate pa kuuzia sweta zako, ulikuwa haujaguswa. Fundi alisema wazi kwamba hauwezi kuwa tayari. Vitufe vyake vyote ni picha tupu, simu inasoma kitufe, kitufe, kitufe, halafu mwishoni unaambiwa uchague picha zenye magari ili kuthibitisha kwamba wewe ni mtu. Mkuu akauliza nani atajua. Fundi akasema atajua huyo atakayejaribu, mwenyekiti wa chama cha wasioona, maana ndiye aliyealikwa. Mkuu akanigeukia. Akasema huyu hapa hazungumzi, na hata akikutazama utadhani hakuoni, mtafutieni miwani tu.

Nilidhani ni mzaha, nikacheka nao. Kesho yake asubuhi nikakuta miwani ya jua mezani kwangu.

Fundi aliiondoa hatua ya magari kwa siku hiyo tu, akanifundisha nibonyeze mara ngapi ili nifike wapi, nikakariri kama shairi la shule. Mengine yote niliyachukua kwako. Unavyoinamisha kichwa upande wa lile sikio lako zuri. Unavyopapasa ukingo wa meza kabla ya kukaa. Unavyotabasamu wakati hujui mtu amesimama wapi. Mkuu alifurahi mno, akauliza nimejifunzia wapi. Nikasema kwenye filamu.

Unajua nilivyo mbele za watu. Lakini nyuma ya miwani ile nilikuwa nimefumba macho kabisa, sikumwona mtu, na sauti ikatoka. Sijawahi kuzungumza vizuri namna ile. Mama mmoja katika wageni alilia.

Mwenyekiti wa chama alikuwa ameachwa kwenye benchi la mapokezi, anaambiwa wageni bado hawajafika. Aliposikia makofi akauliza kuna nini, akajibiwa kwamba mwenzake ameshaimaliza kazi, yeye kachelewa. Naye akapiga makofi. Kisha akaomba anishike mkono, mkuu akanisukuma mbele. Yule mzee alinishika mikono yote miwili, akaniuliza kama nilizaliwa hivi au niliugua. Nikasema niliugua homa nikiwa darasa la pili. Homa yako, dada. Akaniambia nisikubali hata siku moja watu wanikalishe kwenye benchi. Fundi alikuwa nyuma yake, kaziba mdomo, mabega yanamtikisika.

Tangu siku hiyo, wakati wa chai mkuu na fundi hunitaka niigize. Kipofu, tumiminie chai. Kipofu, hebu tafuta sukari, baridi, baridi, moto! Naigiza. Zamani hawakuwa wakikumbuka hata kuniwekea kikombe. Cheti ambacho wafadhili waliipa tovuti kimetundikwa ukutani, hatua ya magari ilirudishwa jioni ileile, na mkuu akasema kazi ya kuandika maneno imekwisha.

Halafu ukanipigia simu. Ukanisimulia ulivyohangaika na ule ukurasa mpaka kidole kikauma, ukaenda mwenyewe dirishani kwa karani wa soko, naye akakuuliza mbona yule binti aliweza, kwani yeye ana macho ya akiba? Ukamwambia basi mama atakujazia. Akasema anayejaziwa maombi na mtu atataka hata bidhaa zake ziuzwe na mtu. Foleni nzima ikacheka. Ulinisimulia huku unacheka na wewe, ukasema labda kichwa chako ndicho kigumu, ila sasa lazima ujaze kwa mkono wako mwenyewe. Ukaniomba, kwa kuwa niko ofisi ileile, nimtafute yule binti akufundishe. Ukauliza kama atakubali sweta iwe shukrani, na kama naweza kukupatia vipimo vyake. Nikasema nitamuulizia.

Kichwa chako si kigumu, dada. Hakuna aliyeweza. Ukurasa ule haumfungukii asiyeona yeyote, hata awe profesa.

Lakini kuna jingine. Ningeweza kukujazia mimi, tena kwa siri. Niliufungua ukurasa nikaandika jina lako, nikafika penye swali la ulemavu, nikakumbuka kwamba ubini wetu ni mmoja. Mkuu angeuliza huyu ni nani yako. Nikafuta. Ningeweza pia kukwambia ukweli siku ile uliponipigia. Nilijua ungefanya nini. Ungekuja na fimbo yako mpaka chumba cha nyuma, na hiyo sauti yako isiyoogopa mtu. Kwa hiyo nilisubiri. Maombi ya vibanda yalifungwa jana mchana, na jana jioni nikasaini ajira ya kudumu. Wafadhili wametoa nafasi moja kwa mtu asiyeona, awe anaikagua tovuti. Nafasi hiyo nimepewa mimi. Wageni wakija, navaa miwani.

Nisalimie mama, mwambie nikilipwa nitamletea dawa ya magoti. Jirani naye msalimie, na mwanawe. Vipimo ulivyoomba ni vyangu, unavijua kwa mikono yako, kwa hiyo kama umeshaianza ile sweta usiifumue.

Ukimaliza kusikiliza, ifute barua hii, na usimwambie mtu, hata mama. Na karani akikuuliza tena mbona yule binti aliweza, nakuomba dada, mwambie ndiyo, aliweza.

Mdogo wako akupendaye,
Kimya